Waya wa amplifaya: kabla hujalipa, itazame pini ya tatu

Wengi wetu watu wa pwani tunaijua Mtito Andei kwa dirisha la basi. Ukitoka Mombasa kwenda Nairobi, ndipo karibu na katikati ya safari, dereva anaposimama, abiria wananyoosha miguu, mtu anakula haraka haraka huku sikio liko kwenye honi. Lango la mbuga ya Tsavo Magharibi liko hapo hapo. Mimi ni mmoja wa wale walioshuka hapa kwa ajili ya kazi na hawakupanda tena.

Jioni, joto likishapungua, mji huu una sauti zake. Nyumba hii rumba, ile taarabu, ng'ambo ya barabara magitaa ya Kikamba. Mtu anaweza kuwa hana kabati la vyombo lakini amplifaya anayo, na spika mbili zimesimama pembeni kama walinzi.

Juzi jirani yangu alinijia na simu mkononi. "Kaka, hebu niangalizie hii kitu," akasema. Ilikuwa picha ya waya wa stima wa amplifaya, mnene, mweusi, umefumwa kwa nje kama kamba ya jahazi, na plagi yake inang'aa rangi ya dhahabu. Tangazo lilidai waya huo "unasafisha stima", besi inakuwa nzito na sauti ya mwimbaji inasikika kama yumo chumbani. Bei yake ilikuwa karibu nusu ya ile aliyonunulia amplifaya yenyewe.

Nikamwambia, twende kwanza nikaione hiyo amplifaya.

Ilikuwa ya mtumba, nzuri, nzito, kasha lake la chuma. Waya wake wa asili ulikatika zamani, akapewa mwingine wenye plagi ya pini mbili. Soketi zetu ni za matundu matatu, na tundu la juu lisipoingizwa kitu yale mawili ya chini hayafunguki. Kwa hiyo tundu la juu lilikuwa limesokomezwa kifuniko cha kalamu. Nilipoligusa kasha kwa mgongo wa kidole, nikasikia kitu kinatambaa kwenye ngozi.

"Hiyo inatekenya tu, shemeji," mke wa jirani akaniambia. "Watoto wameshaizoea."

Neno hilo, wameshaizoea, ndilo lililonifanya niandike makala hii. Nitaeleza waya wa amplifaya unafanya nini, ule wa bei nafuu ulio mzuri unautambuaje, na pesa yako iende wapi.

Je, waya wa bei ghali hubadilisha sauti?

Tuanze na swali la jirani. Waya wa stima ni njia tu. Unachukua stima ya volti 240 kutoka kwenye soketi na kuifikisha kwenye transfoma au saketi ya ndani ya amplifaya. Huko ndani stima hiyo hubadilishwa, hupunguzwa, huchujwa na kuhifadhiwa kwenye kapasita kabla ya kufika mahali panapotengenezwa sauti. Muziki wenyewe haupiti kwenye waya huo hata kidogo.

Kitu ambacho waya unaweza kukuharibia ni kupoteza volti njiani, kama bomba jembamba linavyopunguza kasi ya maji. Hebu tupige hesabu. Amplifaya ya nyumbani ikipigwa kwa sauti ya kujaza sebule hutumia kama wati 200, pengine chini ya hapo. Gawanya kwa volti 240, unapata chini ya ampea moja. Sasa chukua waya wa kawaida wa shaba wa mita moja na nusu, wenye unene wa milimita 0.75 za mraba. Kwa ampea moja, ukihesabu kwenda na kurudi, waya huo unapoteza kama volti 0.07. Yaani katika volti 240 umepoteza chini ya sehemu moja ya kumi ya volti moja.

Stima ya mtaani yenyewe hupanda na kushuka kwa volti kadhaa kila siku, majirani wanapowasha pasi na kuzizima. Na kabla ya kufika kwenye soketi yako imeshasafiri kwenye nguzo na nyaya za mtaa, kisha ikapita kwenye waya wa kawaida ndani ya ukuta wako. Hiyo mita moja na nusu ya mwisho, hata uifunike dhahabu, haiwezi kurudisha kilichopotea huko nyuma.

Duniani kuna watu wanaonunua waya mmoja kwa maelfu ya dola, na wauzaji wana maneno matamu ya kuwapa. Pesa ni zao. Lakini mtu anayebana matumizi ili apate muziki mzuri jioni, anastahili kuambiwa ukweli: ikiwa waya wako ni wa shaba, una unene unaofaa na umekaza vizuri pande zote mbili, waya ghali zaidi hautakuongezea besi.

Ukisikia mikwaruzo unapoutikisa waya, au amplifaya ikizimika na kuwaka yenyewe, hilo ni jambo jingine. Huo ni waya uliolegea au kukatika kwa ndani, na unafaa kubadilishwa leo.

Pini ya tatu ni ya nini?

Plagi yetu ya pini tatu za mstatili tuliirithi kwa Waingereza, ambao waliitolea viwango mwaka 1947. Pini mbili za chini hupitisha stima, mmoja ukiwa waya wa moto na mwingine wa kurudisha. Ile ndefu ya juu ni ya athi, yaani waya unaopeleka stima ardhini. Ni ndefu makusudi: inatangulia kuingia na inachelewa kutoka, ili kinga iwe tayari kabla ya hatari kufika.

Waya wa athi umefungwa kwenye kasha la chuma la amplifaya. Siku zote haufanyi kazi yoyote. Unangojea ile siku moja ambayo waya wa moto huko ndani utachubuka na kugusa kasha. Athi ikiwepo, stima inakimbilia ardhini, fyuzi inakatika, na wewe unabaki unalalamika kuwa muziki umezimika. Athi isipokuwepo, kasha lote linakuwa na volti 240, linangoja mkono wa mtu. Mtoto aliyetoka kuoga, asiye na viatu, sakafu ni ya saruji na ina unyevu: hapo hatuzungumzi tena habari za kutekenywa.

Kutekenya kule kwa amplifaya ya jirani ni stima kidogo inayovuja kutoka ndani, ambayo ilipaswa kushuka kwa njia ya athi. Athi haikuwepo, ikashukia kwa watoto. Ikiwa kifaa chako kinafanya hivyo, kichomoe leo, usisubiri kesho.

Si kila amplifaya inahitaji athi. Angalia mgongoni mwake. Ukiona alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, kifaa hicho kimetengenezwa kwa kinga mbili na hakihitaji waya wa athi. Hivi mara nyingi hutumia ule waya mwembamba wenye kichwa cha umbo la nane. Lakini tundu la mgongoni likiwa na pini tatu, basi pini ya kati ni ya athi, na waya wako lazima uwe na nyuzi tatu na plagi ya pini tatu.

Kuna mafundi wengine ambao, spika zikiwa na ule mvumo wa nzi, huikata athi ili mvumo utoke. Wakati mwingine kweli hutoka. Umenunua ukimya kwa usalama wa nyumba yako. Mvumo wa namna hiyo mara nyingi hutokea kwa sababu vifaa vilivyounganishwa pamoja, kama TV na amplifaya, vimechomekwa kwenye soketi tofauti. Vichomeke vyote kwenye soketi moja au ekstensheni moja nzuri, kisha usogeze waya wa muziki mbali na waya wa stima. Mara nyingi dawa ni hiyo, na haikugharimu senti.

Waya unaofaa unauzwa wapi?

Habari njema ni kwamba amplifaya nyingi zenye tundu la pini tatu mgongoni hutumia waya ule ule wa kompyuta ya mezani. Huhitaji kuagiza kitu Nairobi wala Dubai. Duka lolote la vifaa vya stima au la kompyuta unao, na bei yake haikaribii hata kidogo ile ya kwenye tangazo. Kazi yako ni kuchagua ulio wa kweli.

Soma maandishi yaliyopigwa kwenye ganda la waya. Waya mzuri hujieleza wenyewe. Ukikuta H05VV-F 3G1.0, maana yake ni hii: 05 ni daraja lake la volti, linalotosha kabisa kwa matumizi ya nyumbani, VV ni plastiki ya PVC ndani na nje, F ni waya unaokunjika. Herufi 3G zinakuambia kuna nyuzi tatu pamoja na ile ya kijani na njano ya athi. Nambari ya mwisho ni unene wa shaba kwa milimita za mraba.

Unene wa 0.75 huchukua hadi ampea 6. Wa 1.0 huchukua 10. Wa 1.25 huchukua 13. Kwa amplifaya ya sebuleni hata 0.75 inatosha, na 1.0 au 1.5 ni akiba nzuri kwa tofauti ndogo ya bei. Hapo ndipo "kuboresha" kwa maana ya kweli kulipo. Kupita hapo unanunua uzito tu.

Sasa itazame plagi. Ndani yake mna fyuzi, na kazi ya fyuzi hiyo ni kuulinda waya usiungue, si kuilinda amplifaya. Fyuzi ya ampea 13 ni ya birika na pasi. Kwa amplifaya ya kawaida weka ya 5, au ya 3 ikiwa ni ndogo. Amplifaya kubwa yenye transfoma nzito huvuta stima nyingi kwa dakika ile ya kuwashwa tu, kwa hiyo ya 5 huvumilia zaidi. Muhimu kuliko yote, fyuzi ikikatika usiizungushie karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara wala uzi wa waya. Ukifanya hivyo umeiondoa fyuzi kabisa, na kitakachokatika safari nyingine ni waya wenyewe, ukiwa nyuma ya pazia.

Kumtambua ghushi

Rahisi huwa ghali, walisema wahenga, na waya ghushi umeizidi methali yenyewe kwa kuwa wakati mwingine hata si rahisi. Ujanja wao uko wa aina tatu. Kwanza, ganda nene la plastiki na ndani nyuzi chache nyembamba kama unywele. Pili, nyuzi za alumini au chuma zilizopakwa rangi ya shaba. Tatu, waya wenye plagi ya pini tatu lakini ndani una nyuzi mbili, na ile ya athi haikuunganishwa na kitu.

Hizi ni njia za kuwakamata bila mashine.

Beba sumaku. Spika yoyote iliyokufa inayo, mwombe fundi wa redio. Iguse kwenye pini za plagi. Pini nzuri ni za shaba nyeupe na hazinati. Zikinata, ni chuma kilichopakwa rangi, rudisha.

Pima uzito kwa mkono. Shaba ni nzito. Shika waya wa kompyuta wa zamani unaoujua mkono mmoja, na huo mpya mkono mwingine. Mnene kwa macho lakini mwepesi mkononi, una kasoro.

Ukinunua waya wa kukatwa kwa mita, mwombe muuzaji amenye ncha. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe, hiyo ni alumini.

Mwenye duka akiwa na mita ya kupimia, mwambie aweke ncha moja kwenye pini ndefu ya plagi na nyingine kwenye tundu la kati la upande wa pili. Mita ikilia, athi imeunganishwa. Kazi ya nusu dakika.

Mwisho, tafuta alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS. Chini ya alama ya ubora huwa na nambari ya kibali. Andika SM#, ufuatishe nambari hiyo, utume ujumbe kwenda 20023, utajibiwa kibali ni cha nani na cha bidhaa gani. Alama inaweza kuchapishwa na yeyote mwenye mashine, lakini nambari ni vigumu kuidanganya.

Usidhani waya mbovu ni balaa la maduka ya mitaani peke yake. Mwezi Agosti mwaka 2014 kampuni ya HP ya Marekani iliita irudishiwe takriban nyaya milioni 6 za kompyuta zake zenye alama ya LS-15, kwa sababu zilikuwa zinapata joto hadi kuyeyuka. Mwaka 2016 Microsoft nayo ikatangaza kubadilisha nyaya za kompyuta zake za Surface Pro, ambazo zilikuwa zinaharibika zikikunjwa sana na kubanwa kwa muda mrefu. Kwa hiyo hata uliotoka kwa kampuni kubwa, usiubane chini ya mguu wa kabati wala usiukunje kama mkeka. Uguse baada ya saa moja ya muziki. Waya wa amplifaya hautakiwi kuwa na joto la kusikika mkononi.

Ekstensheni inayobeba dunia

Sasa twende mahali penye moto wenyewe. Nyumba nyingi sebuleni mna soketi moja tu. Kwenye soketi hiyo inachomekwa ekstensheni, na kwenye ekstensheni kuna TV, king'amuzi, amplifaya, chaja tatu za simu, na asubuhi birika.

Amplifaya peke yake haiwezi kuiumiza ekstensheni hata ikiwa duni. Birika ndilo jambo. Birika la wati 2,200 huvuta kama ampea 9. Joto kwenye waya haliongezeki sawasawa na ampea: zikiwa maradufu, joto linakuwa mara nne. Chukua ekstensheni ya mita tano yenye nyuzi nyembamba za milimita 0.2 za mraba, kama zilivyo nyingi za bei ya kutupa. Kwa ampea 9, waya huo unatoa joto la wati 70. Hilo ni joto la balbu kubwa ya zamani, limefichwa kwenye plastiki, pengine chini ya zulia. Ekstensheni ya urefu ule ule yenye shaba ya milimita 1.5 itatoa kama wati 9 tu, zimetawanyika kwenye mita zote tano.

Hapo ndipo utakapojua kwa nini muziki wako unalegea birika likiwashwa. Si amplifaya mbovu. Volti zinaliwa njiani.

Kwa hiyo ikiwa una pesa ya kununua kitu kimoja tu, nunua ekstensheni nzuri ya milimita 1.5 yenye fyuzi ya 13, uitandaze bila kuizungusha, na birika na pasi vihamie soketi ya ukutani.

Kwa wenye betri na sola

Ukiiacha barabara kuu ukaingia vijijini, wengi wanatumia sola. Wapo wanaochukua amplifaya ya gari na kuifunga kwenye betri ya volti 12. Ndugu zetu hawa hesabu yao ni nyingine kabisa, na hapa ndipo unene wa waya unapobadilisha sauti kweli kweli.

Wati 120 kwa stima ya volti 240 ni nusu ampea. Wati hizo hizo kwa betri ya volti 12 ni ampea 10, mara ishirini zaidi. Ukitumia waya wa 0.75 kutoka kwenye betri iliyoko mita tatu, unapoteza karibu volti 1.4. Katika 12, hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi imepotea kabla muziki haujaanza. Besi ikipiga, taa zinafifia na sauti inakwaruza. Ukibadilisha ukaweka waya wa milimita 6 za mraba, upotevu unashuka hadi chini ya volti 0.2.

Basi mwenye betri asiongeze spika kabla hajaongeza unene wa waya. Betri na amplifaya vikae karibu. Na fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, kwa sababu betri haina wa kuizima: nyaya zikigusana, itatoa nguvu zake zote mpaka kitu kiungue.

Na anayetumia inveta ya bei ya chini akisikia mlio wa nyuki ndani ya amplifaya, ajue huo unatoka kwenye inveta, kwa namna inavyotengeneza mawimbi ya stima. Waya mpya hautauondoa.

Zawadi ya kutoka ng'ambo

Sisi watu wa pwani tuna jamaa kila mahali, na jamaa huleta vitu. Amplifaya iliyotoka Oman au Dubai kwa kawaida haina shida, maana volti zao zinakaribiana na zetu na plagi ni ile ile. Ya Uingereza vile vile. Lakini ya Japani ni ya volti 100, ya Marekani ni ya 120, na nyumba nyingi za Saudia kwa miaka mingi zilitumia 127. Ukichukua ya namna hiyo ukaibadilisha plagi tu ukaichomeka hapa, inakufa papo hapo kwa moshi. Kabla ya kushika waya wowote, soma kibandiko cha mgongoni. Kikiandikwa 220-240, karibu. Kikiandikwa 100 au 120 peke yake, unahitaji transfoma ya kushusha, yenye wati zaidi ya zile za kifaa.

Mwisho wa habari ya jirani

Jirani yangu hakuununua ule waya wa kamba ya jahazi. Tulitembea naye hadi dukani, tukachagua waya wa kompyuta wa milimita 1.0, nyuzi tatu, pini hazikunata sumaku. Fyuzi ya 13 tukaitoa, tukaweka ya 5. Kile kifuniko cha kalamu akakitupa mwenyewe.

Tukawasha. Kasha bado linatekenya.

Hapo nikajua tatizo liko ndani ya ukuta. Akaitwa fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi. Akapima soketi, akakuta athi haifiki popote. Nje, ile fimbo ya chuma inayozikwa ardhini ilikuwepo, lakini waya wake ulikuwa umeng'oka. Na hata ungekuwepo, alisema, udongo wa huku ni mkavu mno. Ardhi kavu haipitishi stima kama udongo wenye unyevu, kwa hiyo fimbo fupi haitoshi. Akazika nyingine ndefu zaidi na kufunga kwenye sanduku la stima ile swichi inayokata yenyewe ikihisi stima kidogo tu inavuja, hata ya ampea 0.03. Penye ardhi kavu, fyuzi peke yake inaweza ikakosa kukatika, na swichi hiyo ndiyo inayookoa mtu.

Kazi yote, pamoja na waya, haikufika bei ya ule waya wa kwenye simu.

Jioni yake aliweka wimbo anaoupenda, akaketi, akasikiliza. "Kaka, niambie kweli," akauliza, "sauti imebadilika?"

Nikamwambia haijabadilika, ni ile ile. Mkewe akapita, akauweka mkono wake juu ya kasha, akaangalia, akauacha hapo hapo kwa muda.

"Imenyamaza," akasema.

Ewe msomaji, leo usiku kabla hujawasha muziki, angalia nyuma ya kabati lako. Hesabu pini. Tazama tundu la juu la soketi limeingizwa nini. Ukikuta kijiti au kifuniko cha kalamu, basi unajua pesa yako ya kwanza inakwenda wapi.